Matusi hayakuja na simu

Oktoba 2025 Rais wa Kenya alitia saini marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya mwaka 2018, na kabla mwezi haujatimia Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Nairobi mjadala ulikuwa wa uhuru wa kusema. Huku Amu, yaani Lamu, uligeuka kuwa wa adabu. Pale Mkunguni mbele ya ngome, na kwenye madaka (kumbi za mbele za nyumba) ya mtaa wa Langoni baada ya swala ya alasiri, hukumu ilipita bila mtu wa kuipinga: vijana wameharibika vinywa, na sheria ingeachwa iwanyooshe. Washitakiwa wakuu ni wawili, simu na bara. Simu imewafunza vijana kutukana hadharani, bara imewaletea matusi ya kutukania. Kabla ya hapo, tunaambiwa, mji ulinena kwa staha, na kila kibaya kilikuwa na jina zuri la kukisitiri.

Hesabu hiyo imekosewa tangu mstari wa kwanza. Matusi yalikuwapo mjini kabla ya minara ya simu na kabla ya Mwingereza. Tasfida nazo, yaani yale majina mazuri ya kusitiria, hazikuwa ushahidi wa vinywa safi. Zilithibitisha kwamba kila mtu alilijua neno lililositiriwa, maana huwezi kukwepa shimo usilojua liko wapi. Tusi na tasfida hula sahani moja. Yote mawili hurejea kwenye mambo yale yale machache: mwili na uchafu wake, faragha ya mume na mke, kifo, mama wa mtu, jina la Mungu. Kilichobadilika ni mahali pa kusemea, na kwa kuwa tumeshindwa kuliona hilo tunatafuta dawa ya ugonjwa usio wetu.

Nyumba ya mawe ya Amu inalieleza jambo hili kuliko kamusi. Mgeni hukaa daka. Akikaribishwa hupita tekani, ambako njia imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Ndipo kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha msana, chumba kirefu cha kukaa, kisha ndani kwenyewe, na choo huko nyuma. Maneno yalipangwa vivyo hivyo. Mabaharia walikuwa na matusi yao, yakaishia jahazini. Wanawake walikuwa na yao, makali kuliko ya mabaharia, ya jikoni siku ya harusi, na mwanamume aliyepita karibu alijifanya hakusikia. Watoto wanaojirusha baharini kutoka gatini walikuwa na yao pia, wakayameza mara walipomwona mwalimu wa chuoni, yaani wa madrasa, akija kwa mbali na bakora. Kila kundi lilijua ukuta wake uko wapi. Simu haina tekani. Anachomtania kijana mwenziwe saa nne usiku, asubuhi kimesikiwa na mama yake, na mwalimu wake, na diwani, na mtu wa Eldoret ambaye hajui kama ule ulikuwa utani. Neno ni lile lile la gatini. Wasikilizaji ndio wameongezeka, na hakuna aliyewachagua.

Kabla ya kwenda mbali tutenganishe mambo yanayochanganywa. Mwingereza hutumia neno moja kwa kuapa na kutukana. Sisi tuna kuapa, kuapiza, kulaani na kutukana, na kila moja lina njia yake. Anayeapa amemfanya Mungu shahidi. Anayeapiza na anayelaani wamemwombea mwenzao shari. Anayetukana hana haja na mbingu, amekwenda moja kwa moja kwa mama wa mtu au nguoni mwa mtu, ndiyo maana yale mazito tunayaita matusi ya nguoni. Na hakuna hata moja kati ya hayo lisilokuwa na kifuniko chake. Anayeogopa kulitaja bure jina la Mungu husema “haki ya nani”, na huyo nani kila mtu anamjua ni nani.

Juzijuzi nilijibanza ukutani katika kichochoro kinachoangukia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuwapisha punda watatu waliobeba mchanga. Kijana aliyewaswaga alikuwa akipaza “simile, simile”, neno la kuomba njia ambalo asili yake ni bismillahi. Mara kidole chake cha mguu kikagonga jiwe la baraza. Lililomtoka sitaliandika hapa. Halijakauka mdomoni akasema “astaghfirullah”, akampiga punda wa nyuma kofi la kiunoni, akaendelea na simile yake. Kwa muda wa kupumua mara mbili kinywa kimoja kilitoa jina la Mungu, tusi, toba, na jina la Mungu tena. Mzee aliyekaa pale akaniangalia, akatikisa kichwa, akasema, “Wamwona? Simu hizo.” Kijana hakuwa na simu mkononi. Alikuwa na fimbo.

Wataalamu wa ubongo wangemwelewa kijana yule zaidi ya mzee wetu. Tangu karne ya 19 madaktari, akiwamo Mwingereza John Hughlings Jackson, waligundua kwamba mtu aliyepoteza usemi kwa ugonjwa wa ubongo anaweza kubakiwa na salamu, na kuhesabu moja hadi kumi, na dua, na matusi. Mshairi wa Ufaransa Charles Baudelaire alipopigwa na kiharusi mwaka 1866, ulimi wake uliokuwa na lugha ya watu kumi ukabakiwa na kiapo kimoja kifupi, nacho akakitumia kwa kila haja, hadi watawa waliomuuguza wakatishika. Maneno ya aina hii hatuyaungi upya kila tunapoyasema, kama tunavyounga sentensi. Yamewekwa mazima, na maumivu au ghadhabu huyafyatua. Dua ya mshtuko na tusi la mshtuko ni majirani wa ukuta mmoja, ndiyo maana kwa yule kijana yalitoka yamefuatana.

Yanasaidia kitu? Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwatia wanafunzi mikono kwenye maji ya barafu. Waliokariri tusi walivumilia muda mrefu kuliko walipokariri neno la kawaida. Jaribio la pili, la mwaka 2020, linanivutia zaidi. Safari hii walibuni maneno mapya yenye mlio wa matusi lakini yasiyo na historia yoyote. Watu waliyaona yanachekesha, ila baridi ya maji ikabaki vile vile. Kwa hiyo mlio peke yake haufanyi kazi. Tusi hutuliza kwa sababu tumefunzwa tangu utotoni kwamba halisemwi, na aliyetufunza ni yule yule aliyetupiga kofi tulipolisema. Kofi la mama ndilo linalolinoa tusi. Wazee wa barazani wanadhani wao na matusi ni maadui, kumbe bila makatazo yao neno lingekuwa butu kama maneno ya kubuniwa ya maabara. Mji ambao kila mtu anatukana kila saa ni mji ambao matusi yamekwisha nguvu, na hapo watu watatafuta mengine.

Ipo hoja kwamba anayetukana ni mtu aliyeishiwa na maneno. Hii imerudiwa sana madarasani, nami niliiamini mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kristin Jay na Timothy Jay, watafiti wa Marekani, waliipima mwaka 2015 kwa kuwaambia watu wataje matusi mengi kadiri wawezavyo kwa muda mfupi, kisha wataje maneno mengine. Waliomwaga matusi mengi ndio waliomwaga na hayo mengine mengi. Huku pwani hatukuhitaji jaribio. Anayejua kutukana kwa Kiamu, akatukana ukoo wa mtu kwa mpangilio kuanzia babu hadi punda wao, hajaishiwa na kitu.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya bara. Wanaosema matusi yaliletwa na wageni wameyasahau yaliyomo katika Kiswahili chenyewe. Chukua “nyoko”. Ukilipima kwa sarufi ni “mama yako”, basi, na ndivyo lilivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Mkikuyu husema “nyukwa”, naye pia ni mama yako, naye pia ikisemwa vibaya watu hushikana mashati. Hakuna uchafu ndani ya neno hilo, hakuna hata kiungo cha mwili. Ni mama tu, lakini aliyetajwa na mtu asiyestahili kumtaja, kwa sauti isiyostahili. Hilo halikuja na basi la Mombasa. Na kama tunahesabu mizigo iliyopita njiani, basi pwani ndiyo iliyopeleka bara neno “mshenzi”. Waungwana wa miji hii ndio waliowaita hivyo watu wa ndani ya nchi, Mzungu akalikuta, akalipenda, akalitembeza Afrika Mashariki nzima. Sijasikia barazani mtu akijitolea kulirudisha.

Na mji wenyewe ulikuwa na matusi ya kupangiwa siku. Vyama vya ngoma za lelemama na beni vilivyochangamsha miji ya pwani wakati wa Mwingereza vilishindana kwa nguo, kwa karamu, na kwa nyimbo za kijembe ambazo kila aliyeimbwa alijijua bila kutajwa. Mitaa ya Mkomani na Langoni imetaniana na kutambiana kwa vizazi. Kanga hadi leo hununuliwa kwa jina lake, na mwanamke akiitundika kambani upande wa jirani, jirani hahitaji barua. Haya yote tunayaita utamaduni, tunawaonyesha watalii tangu mji ulipoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, na mimi nayapenda. Ila tusiyaite ukimya.

Sasa niipe haki hoja nzito ya wazee, maana wanayo. Mtume, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, amesema muumini si msema watu, wala mlaanifu, wala mwenye maneno machafu. Hakuna cha kupinda hapo. Tena Qur’ani yenyewe hufundisha namna ya kusitiri. Katika aya za udhu, Suratun Nisaa na Suratul Maida, anayetoka haja anasemwa kuwa ametoka “ghait”, neno ambalo maana yake ya asili ni bonde, mahali pa chini watu walipokwenda kujificha. Kukutana na mke kunasemwa “kugusa”. Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, alipomtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, adabu ya ulimi aliitanguliza mwanzo mwanzo mwa mafunzo yake. Kwa watu wa visiwa hivi, basi, sitara ya maneno ni sehemu ya dini, kama sitara ya nguo, na anayewaambia waiache kwa sababu majaribio ya barafu yamesema hivi na vile hajui anazungumza na nani.

Ninachowauliza wazee ni kimoja. Aya ile imesitiri, lakini imeeleweka? Imeeleweka kiasi kwamba mafakihi wamejenga juu yake milango mizima ya sheria. Sitara ya Qur’ani haimwachi msomaji gizani. Tasfida zetu nyingi humwacha, na hapo ndipo ninapoachana nao. Nitafika.

Upande wa vijana nao wana lao. Husema tusi ni ukweli uliovuliwa nguo, na kwamba wakubwa wanaolalamikia matusi hulalamikia kukosolewa. Kuna haki ndani yake. Wakati wa maandamano ya 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais aliitwa Zakayo, jina la mtoza ushuru wa kwenye Injili. Hilo ni jina la mzaha lenye hoja ndani yake, na anayeliita tusi anataka kuikimbia hoja. Mahakama Kuu ilikwisha kuona hatari hii Aprili 2016, ilipokifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kwa kuwa maneno kama “ya kuudhi mno” hayana mpaka na kila mwenye cheo angeyavuta upande wake. Lakini kijana anayedai tusi ni silaha ya mnyonge na aangalie linaangukia wapi. Wanaume wawili wakigombana kuhusu mpira, anayevuliwa nguo ni mama wa mmoja wao, ambaye wakati huo yuko nyumbani akikuna nazi. Mwanamke akiandika maoni yake kuhusu bandari, hajibiwi kuhusu bandari, anajibiwa kuhusu mwili wake. Karibu matusi yetu yote ya nguoni yanalipiwa na mwanamke. Uhuru ambao deni lake hulipwa na mtu mwingine sijui tuuite jina gani.

Turudi kwenye tasfida, maana huko ndiko watu wanakodhani kuna usalama. Tasfida ina ila moja isiyotibika: haikai safi. Steven Pinker, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1994, kwamba jina jipya linalowekwa juu ya kitu kinachoonewa haya hufyonza haya hiyo polepole, mpaka lihitaji kufunikwa lenyewe. Kiswahili kimelipitia jambo hili mara nyingi. “Choo” limekuwa jina la mahali na la kinachoachwa mahali hapo, basi watu wakakimbilia “msala”, ambalo ni mkeka wa kusalia pia, kisha “maliwato”, kisha “uani”, na siku hizi “naenda kujisaidia”, kana kwamba siku nyingine tunasaidiwa. Kitenzi “kunya” kilikuwa cha mvua pia. Wazee walisema mvua yanya, bila mtu kucheka. Maana moja ilipoishika nyingine na kuichafua, mvua ikahamishiwa “kunyesha”, na leo mtoto wa shule akikutana na mvua inayokunya katika shairi la kale darasa zima huanguka chini. Kufa tumewaachia punda. Binadamu hufariki, huaga, hutangulia mbele ya haki, na nadhani baada ya miaka mingine 50 “kufariki” litakuwa la punda nalo.

Siyo maneno tu. Kuna duka upande wa soko ninalonunua vitu vidogo vidogo. Ukiomba pedi, muuzaji hutazama kulia na kushoto kama anayeuza bangi, huishusha kutoka rafu ya juu, huikunja kwenye gazeti mara tatu, ndipo hukupa. Zamani ulikuwa mfuko mweusi wa nailoni, mpaka ile mifuko ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Mwaka huo huo sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bure na serikali, na neno “sodo” likatangazwa kwenye taarifa ya habari, lakini gazeti la dukani halikusikia habari hiyo ingawa imechapishwa juu yake. Sasa kila mtu mtaani anajua kilichokunjwa kwenye gazeti ni nini. Mwezi uliopita mzee mmoja alinunua wembe na betri za tochi, muuzaji akaanza kuzikunja kwa gazeti, mzee akamzuia mkono: “La, la, nipe hivyo hivyo.” Akazichukua mkononi, akatoka nazo zimeonekana. Gazeti limekuwa lile lile lililokuwa likifichwa na gazeti.

Hilo la gazeti linachekesha. Mengine hayachekeshi. Mama yangu mdogo alikwenda hospitali, akamwambia daktari kijana aliyetoka mbali kwamba kiuno hakimpi nafasi. Kwa mwanamke wa hapa wa umri wake, kiuno ni neno pana, lina vyumba vingi ndani. Kwa daktari kiuno ni kiuno. Alirudi na dawa za maumivu mara tatu. Mara ya nne binti yake aliingia naye, akasema kwamba mama anatoka damu ilhali alikwisha koma hedhi miaka 6 nyuma. Uso wa daktari ukabadilika. Alipona, alhamdulillahi, lakini miezi mitatu ililiwa na neno moja la adabu.

Na kuna tasfida zinazoua kwa wingi. Aprili 2022, kuelekea uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Lililowashtua waliotarajia matusi ni kwamba mengi yalikuwa maneno ambayo ungeweza kumfundishia mtoto wa darasa la kwanza. “Madoadoa”. “Kwekwe”. Hakuna la nguoni hapo, moja ni la nguo yenye rangi mbili na jingine ni la shamba. Lakini waliosikia madoadoa yakitajwa kwenye mikutano ya Bonde la Ufa walijua ni nani anayetakiwa kuondolewa, na nyumba za nani zitachomwa. Matusi ya nguoni hufanya watu wapigane ngumi sokoni. Kuhamisha kijiji kizima kunahitaji lugha safi, inayoweza kusemwa jukwaani mbele ya maaskofu na masheikh, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa hakusema kitu. Nasi tuna uzoefu wa zamani. Enzi za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Amu na Mombasa zilirushiana mashairi ya mafumbo, Zahidi Mngumi akiwa wa huku na Muyaka bin Haji akiwa wa kule. Mashairi ni mazuri hadi leo. Mifupa ya Shela nayo ilikaa mchangani.

Kwa sababu hiyo sheria inayowinda maneno itawinda hewa. Kanuni ya Adhabu, kwa uzee wake wote, ilikuwa na busara mahali hapa: kifungu cha 94 kinaangalia kama neno limesemwa hadharani, na kama limekusudiwa kuvunja amani au linaelekea kuivunja. Kinauliza mahali, nia na matokeo, maswali yale yale ambayo tekani ya nyumba ya Amu ilikuwa ikiyauliza. Ukiunda orodha ya maneno mabaya utamkamata kijana wa punda na kidole chake, utamwacha mwanasiasa na madoadoa yake, na kesho yake mtaa utakuwa umebuni jipya.

Sehemu inayoniuma, lakini, iko kortini, na haihusu vijana wala simu. Katika kesi za unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtoto husimama mbele ya hakimu, huulizwa alifanyiwa nini, na hujibu: “Alinifanyia tabia mbaya.” Basi. Mawakili wa washitakiwa wamelishika jibu hilo kwa miaka: tabia mbaya ni nini? Kumtukana ni tabia mbaya, kuchelewa chuoni ni tabia mbaya. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mtoto aliyedhulumiwa huona haya kusimulia mbele ya watu, na kwamba mahakama za nchi hii kwa jumla zimekubali maneno kama hayo kuwa maelezo ya kitendo chenyewe. Nashukuru majaji walikuwa na masikio. Ila ona tulipowafikisha. Majaji wa Rufani wamelazimika kuifasiri tasfida yetu kwa niaba ya mtoto, kwa sababu sisi wazazi hatukumpa neno lingine. Na kwa kila faili lililofika kwa majaji wenye huruma, lazima kuna mtoto aliyesema tabia mbaya jikoni kwao, akaambiwa “hayo hayanenwi”, yakaishia hapo.

Nikilisema hili barazani jibu linakuwa tayari: unataka watoto wetu wataje uchi wao kama watoto wa Wazungu? Jibu langu liko chuoni, hatua chache kutoka daka hilo. Mwalimu wa fiqhi, mwenye ndevu nyeupe, huwakalisha watoto wa miaka 8 na 9 jamvini akawafundisha istinja, hedhi, nifasi na janaba; kinachotoka mbele na kinachotoka nyuma; lipi linavunja udhu na lipi linawajibisha josho. Hufundisha kwa sauti ya kawaida, bakora ikiwa imelala, na hakuna anayecheka, kwa kuwa pale maneno hayo yamewekwa chumba chake na yana kazi. Hakuna mzee aliyewahi kwenda kumshitaki kwamba anawaharibu watoto. Mtoto wa kike anatoka pale anajua maji yanayotoharisha na yasiyotoharisha, anajua siku ambazo haswali na jinsi ya kuzihesabu. Kisha miaka miwili baadaye, akiwa kizimbani na hakimu anangoja kalamu mkononi, anatafuta neno la alichofanyiwa, na analolipata ni lile la kosa la kuchelewa chuoni.